Kaboni ya Ardhini na Kinamasi cha Mto Mara: Je, Ni Ardhi Iliyokufa?

SUALI:

Mimi ni mama, mkaazi wa Pemba. Mwanangu mkubwa anafanya biashara wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Yeye na wenziwe wameonyeshwa eneo pembezoni mwa kinamasi cha Mto Mara. Wanataka kuyachoma mafunjo, wachimbe mifereji ya kutoa maji, kisha walime mpunga na mboga. Ananitaka nimpelekee fedha tulizopata baada ya kuuza shamba la mikarafuu la marehemu baba yake. Wadogo zake wawili bado wanasoma skuli. Yeye anasema ile ni ardhi iliyokufa na mwenye kuihuisha inakuwa yake. Lakini nilisikia redioni kwamba huko kwenye milima yenye baridi kali ardhi iliyoganda inayayuka na kutoa hewa inayoongeza joto la dunia, na kwamba hata vinamasi vikikaushwa ni hivyo hivyo. Sikufahamu barafu na kinamasi vinahusiana vipi. Je, nikitoa fedha hizi napata dhambi?

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, na Rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake.

Mama yetu muulizaji, jibu hili limechelewa majuma kadhaa, utuwie radhi. Suali lako lina pande mbili, na upande mmoja si fani yetu. Hukumu juu ya kitu hutoka baada ya kukijua kitu chenyewe, kwa hiyo tulikaa kwanza na mwenzetu anayesomesha elimu ya udongo chuo kikuu mpaka tukafahamu. Tutaanza na hiyo elimu, kisha tuje kwenye fedha zako.

Wewe ni mtu wa pwani, basi tuanze na makumbi. Akina mama wanaotaka kusokota kamba huyafukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, wakayaacha humo miezi mingi. Wakiyafukua yananuka vibaya na ile sehemu laini imekwisha, lakini nyuzi ziko palepale, imara. Makumbi hayohayo yangeachwa juu uwanjani, mvua, jua na mchwa vingeyamaliza. Kilichoyahifadhi ndani ya tope ni kukosa hewa. Vijidudu vinavyoozesha mimea vinahitaji oksijeni kama tunavyoihitaji sisi, na ndani ya tope lililojaa maji oksijeni hakuna, basi kazi yao inakwenda polepole mno.

Sasa, kila mmea umejengwa kwa kaboni. Mmea huivuta kutoka hewani kwa mwanga wa jua, ukajitengenezea shina, majani na mizizi. Ukioza kwa ukamilifu, kaboni ile inarudi hewani ikiwa hewa ya ukaa, ileile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda na kuifunika dunia kama blanketi. Ukizuiwa kuoza, kaboni inabaki ardhini. Kuna njia mbili kubwa za kuuzuia mmea usioze: kuufukia ndani ya maji, au kuugandisha kwa baridi. Huo ndio uhusiano uliokutatiza redioni. Barafu na kinamasi vinafanya kazi moja.

Kwa baridi, fikiria nchi za Siberia, Alaska na Kanada, na milima mirefu kama uwanda wa juu wa Tibet. Huko iko ardhi ambayo chini yake haiyayuki wakati wote, kiangazi na kipupwe. Wataalamu huiita ardhi iliyoganda daima ikiwa imekaa chini ya nyuzi sifuri kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, na sehemu nyingi zimekaa hivyo maelfu ya miaka. Mimea iliyokufa humo haikuoza, iliganda tu. Kaboni iliyomo katika ardhi ya namna hiyo upande wa kaskazini ya dunia inakaribia mara mbili ya ile yote iliyomo hewani hivi sasa. Tibet peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba milioni moja za ardhi iliyoganda. Joto likiongezeka, inayayuka. Vijidudu vinaamka na kuanza kula akiba ile. Hewa ya ukaa inatoka, na pale penye maji yaliyotuama hutoka pia methani, ambayo kwa muda wa miaka mia moja huongeza joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa yenye uzito sawa. Joto hilo jipya linayayusha ardhi nyengine. Mlango huo ukishafunguka, mwanadamu hana mkono wa kuufunga.

Huenda ukauliza: na Kilimanjaro yetu? Kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, bado kuna barafu, na watafiti wamekuta hata sehemu chache za ardhi iliyoganda karibu na mabarafu hayo. Mabarafu yamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu yalipopimwa mwaka 1912, na hilo ni jambo la kuhuzunisha. Lakini kwa habari ya kaboni, kilele kile ni majivu na mawe ya volkano, hakuna mimea ya kuhesabika iliyozikwa humo. Kikiyayuka chote, hakina akiba kubwa ya kutoa. Tunalisema hili kwa sababu watu wengi wanadhani hazina ya nchi yetu iko kule juu kwenye weupe. Iko chini, kwenye weusi wa tope.

Na hapo ndipo tunafika alipo mwanao. Mto Mara una urefu wa kilomita 395 hivi. Unaanzia msitu wa Mau nchini Kenya kwa vijito vya Amala na Nyangores, unapita Maasai Mara, unaingia Tanzania ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kisha unateremka kati ya wilaya ya Tarime upande wa kaskazini na wilaya ya Serengeti upande wa kusini. Kabla haujafika Ziwa Victoria unatanuka, unapunguza mwendo, na kuwa kinamasi kikubwa cha mafunjo. Tuliwahi kulivuka daraja la Kirumi tukielekea Tarime. Ukitazama upande wa juu wa mto huoni maji, unaona mafunjo tu mpaka macho yachoke, marefu kuliko mtu mara mbili.

Mafunjo ni katika mimea inayokua haraka sana. Yanakua, yanakufa, yanaanguka majini, mengine yanaota juu yake. Pamoja nayo mto unaleta udongo uliomomonyoka kutoka mashamba na malisho ya juu, na kinamasi kinaukamata kama chujio. Kwa miaka na miaka vimejilimbikiza humo: tope, mizizi, mabua, vyote vimezama, vyote vimenyimwa hewa. Hilo ndilo fundo la makumbi la watu wa Mara. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuja kulifukua asokote kamba.

Atakayechimba mfereji na kuyatoa maji, anaingiza hewa. Udongo mweusi unaanza kuoza na kunywea; mwaka wa kwanza unatoa mazao mazuri ajabu, kwa kuwa rutuba ya miaka mingi inaachiliwa kwa mara moja, na hili ndilo linalowadanganya wakulima wengi. Miaka inavyokwenda udongo unashuka na rutuba inapungua, kaboni yake imeshapaa. Akichoma juu yake, moto katika udongo wa namna hiyo uliokauka unaweza kuingia chini na kufuka siku nyingi bila ya kuonekana mwali.

Wapo wanaosema: mbona kinamasi chenyewe kinatoa methani, si bora kikauke? Ni kweli kinatoa, na mwenzetu hakutuficha. Lakini methani hukaa hewani kiasi cha miaka kumi na kitu tu, kisha inavunjika, hali ya kuwa kaboni inayozikwa kwenye tope inakaa karne kwa karne. Ukikipima kinamasi kwa miaka mingi, kinachozika kinashinda kinachotoa. Ukikikausha, unapunguza methani lakini unafungua ghala zima.

Majirani zetu wa Kongo wana mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Kongo na Uingereza walitangaza kwamba katikati ya bonde la Mto Kongo, baina ya Kongo mbili, liko eneo la kilomita za mraba 145,500 la udongo wa mboji uliozama majini, na ndani yake mna tani bilioni 30 hivi za kaboni. Miaka mitano baadaye, walipochunguza tabaka za udongo huo, waligundua kwamba kuanzia takriban miaka 5,000 iliyopita mvua zilipungua, udongo ukakauka, na tabaka za maelfu ya miaka zikaoza na kupotea. Hakukuwa na mtu aliyechimba mfereji wakati ule. Ni ukame peke yake. Basi itakuwaje ukame ukisaidiwa na jembe?

Kabla ya kuondoka Mara tuseme habari moja ya furaha, kwani ni nadra kuipata katika mlango huu. Mwishoni mwa karne ya 19 maradhi ya sotoka yaliingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe wengi mno, na nyumbu wa Serengeti nao wakafa. Nyumbu walipokuwa wachache, majani yalibaki marefu, na kila kiangazi moto uliteketeza sehemu kubwa ya mbuga. Miche ya miti haikupata kukua. Baadaye wataalamu wa mifugo, akiwemo Walter Plowright aliyetengeneza chanjo bora huko Muguga, Kenya, waliiwezesha kampeni ya kuwachanja ng'ombe wa wafugaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu hawakufika 300,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Walikula majani, moto ukapungua, miti ikarudi. Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake walichapisha hesabu zao kwamba kwa sababu hiyo Serengeti iligeuka: ilikuwa inatoa kaboni, ikawa inaiweka. Waliochanja ng'ombe hawakuwa na fikra hiyo hata kidogo. Walitaka ng'ombe wa watu wasife, na Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Akaweka ndani ya kazi yao kheri wasiyoitarajia. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa imeepukana na sotoka.

Ilivyo kheri kuvuka mipaka, na madhara huvuka. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa, na watu walikatazwa kuyatumia. Kamati iliyoundwa na Serikali ilisema sababu ni mimea iliyooza pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo, vilivyomaliza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo, na mzozo huo sisi hatuna elimu ya kuuamua. Lakini kwamba vitu vinavyooza huweza kuua samaki ndani ya mto huu, hilo lina ushahidi mwengine: mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa upande wa Kenya, kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 hujikusanya kwenye madimbwi, na mvua kubwa ikikisukuma mara moja oksijeni hupotea na samaki hufa. Tunakutajia haya, mama yetu, ili ujue kwamba mwenye kulivuruga tope la kinamasi hamfanyii madhara mtu wa mbali peke yake. Wa kwanza kuyapata ni jirani anayechota maji chini yake.

Sasa hukumu.

Mwanao amesema ni ardhi iliyokufa. Ni kweli kwamba sheria yetu inampa umiliki mtu anayehuisha ardhi iliyokufa, na katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy hata bila ya idhini ya mtawala, ingawa Abu Haniifah ameishurutisha idhini hiyo. Lakini kijana amechukua mlango na kuacha kizingiti chake. Mafakihi hawaiiti ardhi "iliyokufa" kwa kuwa haina jembe. Wameshurutisha isiwe ni miliki ya mtu, na isiwe ni hariimu, yaani eneo ambalo mto, kisima au kijiji kinalihitaji ili manufaa yake yatimie. Hariimu haimilikiwi kwa kuhuishwa. Haya yamo katika vitabu vinavyosomeshwa misikitini kwetu tangu zama za mababu. Na kinamasi kinachochuja maji ya mto, kinachozalisha samaki na kunywesha mifugo ya vijiji vya pande zote, kama hicho si hariimu ya mto sijui tuite nini hariimu. Ardhi hiyo haikufa. Iko hai na inafanya kazi usiku na mchana.

Tena Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliitenga Naqii' kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) akatenga Sharaf na Rabadhah. Kutenga ardhi kwa maslahi ya wote, kwa hiyo, si jambo lililoletwa na wazungu wa mazingira kama tunavyowasikia baadhi ya vijana wakisema. Na tazama busara ya 'Umar: alimuamuru msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na awazuie matajiri wenye makundi, kwa kuwa tajiri mifugo yake ikifa anazo mali nyengine, na masikini hana. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwanakijiji wa Tarime anayekata mafunjo ya kusukia mikeka, au anayevua kambare, au mwenye kijishamba cha mboga cha kulishia wanawe, ni sawa na kundi la wafanyabiashara wanaokuja na fedha za mbali kuukausha mto. Hukumu zao hazilingani.

Kisha kuna sheria ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa na mfano wake. Na kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na ile ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Amri ya mtawala katika jambo lenye maslahi na lisilo na maasi inatulazimu kisheria pia. Aliyewaonyesha vijana eneo hilo, muulizeni: ameonyesha kwa idhini ya nani? Iko karatasi?

Fedha zenyewe ndizo zinazotutia hofu zaidi. Wewe una thumuni yako katika mirathi ya mume wako, na watoto wana yao. Thumuni yako una hiari nayo. Lakini haki ya wale wawili wadogo ni amana, na mlezi haruhusiwi kuiingiza katika jambo la hatari, sembuse ardhi isiyo na hati ambayo serikali inaweza kuwaondoa siku yoyote. Na maji nayo yanaweza kuja kuidai. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka kufikia viwango vya mafuriko ya miaka ya 1960, na waliojenga na kulima kandokando walipoteza vilivyokuwepo.

Ama kuhusu joto la dunia, tuwe wakweli. Shamba la mwanao halitaizamisha Kojani. Hewa iliyoko juu leo imetiwa kwa sehemu kubwa na mataifa yenye viwanda, na hesabu yao iko mbele ya Mola wao. Lakini watu wa Kisiwa Panza wanaoona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba na minazi yao hawapunguziwi chochote kwa kujua kwamba madhara yao yametokana na vidogo vingi. Kila mmoja ataulizwa juu ya chake. Na sisi wa visiwani tuna tope letu, la mikoko, ambalo nalo linahifadhi kaboni kama mafunjo ya Mara. Mwenye kukata mkoko Micheweni au Chwaka akauza mkaa asiwanyooshee kidole watu wa Bara.

Kwa hivyo, kwa maoni yetu haifai kutoa fedha hizi kwa mpango huo kama ulivyoelezwa, na kwa sehemu ya watoto wadogo katazo ni kali zaidi. Kama hukujua na ulishatuma kiasi, huna dhambi kwa usichokijua; omba kirudishwe kabla mfereji haujachimbwa.

Usimkatishe tamaa kijana. Ametaka kulima, na kilimo ni katika kazi bora. Mwambie aende kwenye miinuko ya Tarime, ambako ardhi ni ya rutuba na watu wanalima ndizi, mahindi na kahawa, akakodi au akanunua kwa njia ya halmashauri ya kijiji na mashahidi, kisha atie makinga maji kwenye mteremko ili udongo usiteremke mtoni. Akikupigia simu kukuletea habari ya eneo jipya, kabla ya kumuuliza bei muulize liko umbali gani na maji.

Na Allaah Anajua zaidi.